Bati la makopo sio bati la nyumba, tafadhali tusichanganye

Wateja wengi wanatuuliza mbona makopo yetu ya asali bei iko juu na mtaani kuna fundi anakunja bati la nyumba anakupa kwa nusu bei. Jamani bati la nyumba limepakwa zinki, na zinki ikikutana na kitu chenye asidi kama asali, juisi ya ukwaju, achari au nyanya inayeyuka na kuingia kwenye chakula, mtu akila anaweza kutapika na kuumwa tumbo vibaya. Kwenye paa zinki ni nzuri sana, bati likichubuka inaanza kuliwa yenyewe kabla ya chuma. Kwenye chakula hapana kabisa.

La makopo ni chuma chembamba, kama milimita 0.2 hivi, kimepakwa madini ya bati, hata kwetu yanachimbwa Kyerwa kule Kagera. Utando wenyewe mara nyingi haufiki hata sehemu 1 ya 1,000 ya milimita! Zamani haukuwa mwembamba hivyo, mafundi wa Bohemia na Saxony (siku hizi Czech na Ujerumani) walikuwa wanafua chuma kwa nyundo afu wanakichovya kwenye madini ya bati yaliyoyeyushwa, yanayeyuka kwa nyuzi 232 tu, baadae, mwisho wa karne ya 17 kuingia ya 18, kule Pontypool, Wales, wakaanza kupitisha chuma kwenye rola na Wales ikaja kushika soko mpaka Marekani ilipopandisha ushuru mwaka 1891. Makopo ya chakula yenyewe yalianza na hataza (haki ya uvumbuzi) ya Peter Durand 1810, London. Vita ya pili ya dunia Wajapani wakaichukua nchi ya Malaya (siku hizi Malaysia) ilikokuwa inatoka bati nyingi, madini yakaadimika, ndo viwanda vikakimbilia kupaka kwa umeme maana unatumia bati kidogo sana.

Na madebe ya mafuta ya taa, ya bati hilihili la makopo, wote tunayajua, yakiisha mafuta tukapimia mahindi, vikopo vidogo vikawa vibatari.

Sasa mjue na hili, kopo likikwaruzwa nje utando wa bati hauwezi kukilinda chuma kama zinki inavyofanya, kutu inakuja haraka, kwa hiyo msiyaweke kwenye unyevu na msiyaburuze sakafuni. Ndani ya kopo lililofungwa bila hewa mambo yanageuka, bati ndo linatangulia kuyeyuka kidogo kidogo na chuma kinabaki salama. Ila ukishafungua hewa inaingia na linayeyuka kwa kasi zaidi, kwa hiyo chakula kilichobaki hamishia kwenye bakuli, hasa nanasi na nyanya.

Kutofautisha usitumie sumaku, yote yananasa. Liangalie juani, bati la nyumba mara nyingi lina mauamaua yanayong'aa, la makopo linang'aa laini sawasawa.

Ya asali na achari tunayapaka vanishi ya chakula kwa ndani, ya samli na majani ya chai tunaongea kulingana na utakavyohifadhi. Ukituma oda andika utaweka nini ndani na kitakaa muda gani, usiandike ukubwa peke yake.