Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Banda Kwanza, Pampu Baadaye

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama hakikupandikiza pampu ya moyo, yaani mashine ya kuusaidia moyo kusukuma damu, katika mnyama yeyote, na kamati yenu iliamua hivyo kwa makusudi. Nguvu zetu tulizielekeza kwenye mwongozo wa majaribio. Upasuaji ni wa saa chache. Zile siku 60 au 90 za bandani ndizo zinazoipima pampu.

Mjadala mrefu ulikuwa juu ya mnyama wa kujaribia. Mbuzi wengi wa Mubende, aina ya hapa Uganda, hawafiki kilo 60, na kifua chao ni kidogo kwa pampu ya mtu mzima. Ng'ombe wa Ankole, pembe zake hazimruhusu kukaa kwenye kizimba chembamba. Tukabaki na ndama chotara wa Friesian wa kilo 80 hadi 100. Lakini ndama hukua: akiongeza kilo 0.7 kwa siku, siku ya 60 amezidi kwa kilo 42, na pampu ni ile ile. Jaribio la siku 90 lingefaa kondoo aliyekomaa, ingawa wa kilo 60 ni shida kumpata kwetu.

Kabla ya upasuaji, ndama anyimwe chakula kwa saa 24 hadi 48, na maji kwa saa 12. Mcheuaji akilazwa, gesi hujaa tumbo kubwa, hubana mapafu, na malisho hurudi kooni. Apewe mrija mnene wa tumboni, na mdomo uelekezwe chini mate yatoke. Kifua hufunguliwa kushoto, nafasi ya tano kati ya mbavu. Mrija wa kuingiza damu huwekwa kwenye ncha ya ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, na wa kutoa hushonwa kwenye aota inayoshuka, yaani mshipa mkuu wa damu. Kwa kondoo, protamini, dawa ya kuzima heparini inayozuia damu kuganda, itolewe polepole sana au iachwe kabisa, maana huweza kubana mishipa ya mapafu ghafla.

Hapa naomba msikilize kwa makini. Pampu nyingi hazipimi mtiririko wa damu. Kidhibiti, kifaa kinachoiendesha pampu, huukadiria kutokana na umeme unaotumika. Bonge la damu likikaa kwenye rota, sehemu ya pampu inayozunguka, umeme hupanda, na skrini huonyesha mtiririko mzuri huku mnyama akikosa damu. Kwa hiyo tunadai kipimo cha mawimbi ya sauti juu ya mrija wa kutoa, na himoglobini huru ya plazma, yaani rangi nyekundu ya damu iliyovuja nje ya chembe zake, ipimwe mara kwa mara: ikizidi miligramu 40 kwa desilita, chembe nyekundu zinapasuka. INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikae kati ya 2 na 3. Kuishikilia hapo ni kazi, kwa kuwa bakteria wa tumbo kubwa hutengeneza vitamini K inayopingana na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Pampu ya kuzunguka haina vali. Ikisimama, damu ya aota hurudi kinyume hadi ventrikali. Sisi tunaojua umeme unavyokatika Kampala tusiitegemee jenereta inayongoja kuwashwa: betri mbili ziwe kwenye kidhibiti muda wote, na zibadilishwe moja moja.

Mnyama akiisha kufa, figo zikatwe vipande vya milimita 5. Kovu jeupe lenye umbo la kabari, pana kwenye ukingo na jembamba kuelekea ndani, ni alama ya bonge lililotoka kwenye pampu au kwenye shingo ya mrija wa kuingiza damu. Ndama aliyekula vizuri hadi siku ya mwisho anaweza kuwa nayo.

Jambo moja halitajibiwa na ndama mwenye moyo mzima. Kovu la ndani ya moyo ambalo daktari J.N.P. Davies alilieleza hapa Uganda mwaka 1948 mara nyingi hujaza ile ncha ya ventrikali tunamoweka mrija. Mgonjwa wa namna hiyo hatuna haki ya kumwahidi chochote kutokana na majaribio haya.

Maombi ya kibali kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia yataandikwa mwongozo ukipitishwa. Ada zilipwe kwa mweka hazina. Daftari la zamu za usiku liko kwa katibu: kila zamu watu wawili, mmoja wa mifugo na mmoja wa umeme.