Mvua ya Congo inafika hadi anga ya juu, tuandikieni na hilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kila GPS ikianza kuyumba au redio ya masafa mafupi ikikoroma, magazeti yetu yanaandika kitu kimoja tu, dhoruba ya jua, basi, habari imeisha. Sikatai, dhoruba za jua zipo na zinasumbua kweli, lakini hizo zinakuja mara moja moja, na anga ya juu haitulii hata siku ambayo jua limetulia kabisa, kuna kitu kinaisukuma kutoka huku chini tunakokaa sisi, kila siku ya Mungu. Nazungumzia kupwa na kujaa kwa hewa.

Sisi wa Malindi bamvua tunaijua tangu utotoni, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yanajaa mpaka basi, kwa hiyo mtu akisikia kwamba hewa nayo inajaa na kupwa anadhani ni mwezi tena. Hapana. Mwezi unaivuta hewa kidogo sana, mwenye kazi ni jua, na kazi yenyewe siyo kuvuta, ni kupasha moto. Chukua simu yenye sensa ya presha, siyo zote zinayo ila ni nyingi, weka apu ya barometa halafu iache mezani siku nzima bila kuihamisha. Utaona kama saa nne asubuhi presha iko juu, inashuka mdogo mdogo mpaka saa kumi jioni iko chini, saa nne usiku imepanda tena, saa kumi alfajiri imeshuka tena. Tofauti ni hektopaskali 2 mpaka 4 hivi, ndogo kweli, lakini huku kwetu karibu na ikweta haikosi. Humboldt, yule Mjerumani aliyezunguka Amerika ya Kusini kuanzia mwaka 1799, aliona jambo hili linajirudia kwa mpangilio mpaka akasema mtu angeweza kukadiria saa kwa kutazama barometa tu.

Sasa hiyo ya chini siyo habari kubwa, habari iko juu. Mvuke wa maji huku chini unanyonya joto la jua, ozoni iliyoko kilomita 30 kwenda juu mpaka 50 na zaidi nayo inanyonya mionzi ya urujuanimno, hewa inatanuka mchana inasinyaa usiku, na mtikisiko huo unapanda juu kama wimbi. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi, nguvu ni ile ile ila mzigo wa kusukuma umepungua, kwa hiyo wimbi linazidi kukua. Ni kama mjeledi, mkono unatikisa kidogo tu pale kwenye mpini lakini ncha ndo inalia. Ukifika kilomita 100, ambako hewa ni chini ya sehemu moja ya milioni ya hii tunayovuta, upepo wa wimbi hilo unaenda makumi ya mita kwa sekunde na unageuka mwelekeo ndani ya siku hiyo hiyo.

Na hapa ndo Congo inapoingia. Mawingu makubwa ya mvua ya mchana na jioni yanaachia joto kila mvuke unapogeuka kuwa matone, joto hilo nalo linasukuma mawimbi yale yale ya hewa, na kwenye tropiki kuna sehemu tatu zinazoongoza kwa kazi hii, bonde la Congo, Amazon na visiwa vya Indonesia. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Thomas Immel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa matokeo ya picha za setilaiti ya IMAGE zilizoonyesha kwamba mwanga wa anga ya juu, mamia ya kilomita kwenda juu, hauko sawasawa kuzunguka dunia, kuna sehemu nne zimekolea, na tatu kati ya hizo ziko juu ya maeneo hayo hayo ya misitu na radi, ya nne iko Pasifiki. Yaani mvua inayonyesha Kisangani inaacha alama kule ambako vyombo vya angani vinapita! Mimi nilivyosoma hili kwa mara ya kwanza sikulala mapema.

Inafikaje huko? Kati ya kilomita 100 na 150 kuna chembe zenye umeme, ule upepo ukizisukuma kukatiza sumaku ya dunia unazalisha umeme, ndo maana tabaka hilo linaitwa dainamo. Umeme huo unanyanyua chembe za tabaka la juu zaidi pale kwenye ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sumaku ya dunia imelala sambamba na ardhi, halafu zinateleza na kumwagika pande mbili, kaskazini na kusini, kama digrii 15 hivi kila upande. Ikweta ya sumaku upande wetu inapita Ethiopia, siyo Nanyuki kama ile ikweta ya ramani, kwa hiyo ule ukanda wa kusini uliosheheni chembe unaangukia maeneo ya Kenya na Tanzania. Mawimbi ya GPS yakipita humo yanachelewa, na baada ya magharibi tabaka hilo linaweza kuchanika na kutoboka mapovu, wapima ardhi wanaofanya kazi jioni wanaijua hiyo adha.

Hata sayari nyingine iko hivyo hivyo. Mars hewa yake ni nyembamba na jua linaipasha haraka, kwenye kreta ya Gale roboti ya Curiosity imeona presha ikibadilika karibu asilimia 10 kwa siku moja, kwetu hiyo ingekuwa kama kimbunga kikubwa kila siku. Mwaka 1997 chombo cha Mars Global Surveyor kilikuwa kinapunguza mwendo kwa kujisugua kwenye hewa ya juu ya Mars, kikakuta hewa imekolea sehemu fulani na kupungua sehemu nyingine kwa sababu ya mawimbi haya haya yanayovurugwa na milima, halafu Novemba dhoruba ya vumbi ikaanza upande wa kusini na hewa ya juu kule kaskazini ikakolea zaidi ya mara mbili, waongozaji ikabidi wakinyanyue chombo. Na wenzetu wa Imarati walifikisha chombo chao cha Al-Amal huko Februari 2021, kinatazama hewa ya Mars saa zote za siku.

Nawataja Imarati kwa sababu sisi tulikuwa na mwanzo. Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa na Waitaliano kutoka Ngomeni, hapa hapa karibu na Malindi, kazi yake ikiwa kupima uzito wa hewa ya juu ya ikweta, na ya mwisho ilirushwa Machi 1988 kwa kazi inayofanana na hiyo. Vijana wengi wa Ngomeni wanaona yale majukwaa baharini kila siku na hakuna aliyewaambia kilichokuwa kinapimwa.

Ombi langu mhariri, mtume mwandishi Ngomeni aandike habari hiyo kwa Kiswahili, na siku mkiandika tena kuhusu GPS kuyumba mumuulize mtaalamu na mvua ya Congo ya wiki hiyo ilikuwaje, siyo jua peke yake.

Msomaji wenu,
Malindi