Barua ya Wazi kwa Msimamizi Mkuu wa FMCSA: Breki ya Tela Isimfunge Dereva Miaka Mitatu

Mheshimiwa Msimamizi Mkuu,

Ninakuandikia nikiwa dereva wa lori la masafa marefu hapa Marekani, kuhusu mfumo wa kupima usalama wa kampuni za usafirishaji ambao mamlaka yako, FMCSA, inayosimamia usalama wa malori na mabasi ya biashara nchini, imekuwa ikiutumia tangu mwishoni mwa mwaka 2010. Sipingi ukaguzi. Lori lililopakia linaweza kufika pauni 80,000, na anayeliendesha akiwa na usingizi anahatarisha kila aliye mbele yake. Ndiyo maana sheria ya kutoendesha zaidi ya saa 11 baada ya mapumziko ya saa 10 mfululizo naitetea hata mbele ya mwajiri anayetaka mzigo ufike mapema. Malalamiko yangu ni kuhusu nani anayebebeshwa kosa likishaandikwa, na kwa muda gani.

Katika utaratibu tuliouzoea, kosa linaloandikwa kando ya barabara hupewa uzito wa 1 hadi 10, kisha uzito huo huzidishwa kwa 3 katika miezi 6 ya kwanza, kwa 2 hadi mwaka utimie, na kwa 1 hadi miezi 24, ambapo kosa hutoka kwenye hesabu za kampuni. Dereva hatangaziwi alama kama hizo. Hata hivyo, kosa lile lile hukaa miaka 3 katika taarifa yake ya PSP, yaani rekodi ya usalama ya dereva binafsi, ambayo waajiri wengi huisoma kabla ya kumwita mtu kazini. Kwa maneno mengine, mwenye gari anafutiwa mapema kuliko mwenye usukani, hata pale ambapo gari ndilo lililokuwa bovu.

Chukua mfano wa breki za tela. Dereva anafika kwenye yadi, anaunganisha tela ambalo hajawahi kuliona, analizunguka akitazama taa na matairi, anasikiliza kama kuna upepo unaovuja, kisha anaondoka. Mizani ya kwanza anasimamishwa. Mkaguzi anaingia chini ya tela na chaki, anatia alama kwenye fimbo inayotoka katika chemba ya breki, anamwomba dereva akanyage, halafu anapima fimbo imetoka kiasi gani. Ikizidi kipimo, ni kosa. Dereva aliye peke yake hawezi kukanyaga breki na kupima chini kwa wakati mmoja, na kampuni nyingi, kwa sababu nzuri, hazimruhusu kugusa marekebisho hayo kwa kuwa ni kazi ya fundi. Hata hivyo kosa hilo linaingia kwenye taarifa yake ya PSP, na mwajiri mpya anayeisoma haraka anaona tu idadi ya makosa.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba njia ya kutenganisha makosa haya mnayo tayari. Katika chombo ambacho wachunguzi wenu hutumia kumpima dereva, makosa yanayohesabiwa ni yale tu yaliyoainishwa kuwa ya dereva mwenyewe. Uainishaji huo ungeweza kuonekana waziwazi pia kwenye taarifa ambayo mwajiri anaisoma.

Kuhusu kukata rufaa, maombi yanayopitia DataQs, mfumo wenu wa mtandaoni wa kuomba kumbukumbu zirekebishwe, kwa kawaida hurudi kwa idara ile ile ya jimbo iliyoandika kosa. Tangu mwaka 2014 dereva aliyeshinda mahakamani anaweza kuomba kumbukumbu yake irekebishwe, na hiyo ilikuwa hatua ya haki. Lakini makosa mengi huandikwa kwenye ripoti ya ukaguzi bila tiketi yoyote ya faini, na pasipo tiketi hakuna hakimu wa kumsikiliza dereva. Aliyepewa onyo kwa upole anajikuta na nafasi ndogo ya kujitetea kuliko aliyetozwa faini.

Mabadiliko mliyotangaza Novemba 2024, ya kuacha uzito wa 1 hadi 10 na kutumia 1 au 2, nayaunga mkono, kwa sababu uzito wa zamani ulitofautisha mambo kwa undani ambao takwimu za kampuni ndogo haziwezi kuubeba. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilieleza mwaka 2014 kwamba kampuni nyingi hazina taarifa za kutosha za kulinganishwa kwa uhakika. Ila marekebisho hayo ni ya hesabu za kampuni. Dereva anabaki alipokuwa.

Kwa hiyo naomba PSP ionyeshe kando makosa ya gari yasiyo ya dereva, na yaondolewe siku ile ile yanapotoka kwenye hesabu za kampuni. Naomba pia rufaa isiyo na tiketi isikilizwe na mtu asiyekuwa chini ya idara iliyoandika kosa, naye atoe sababu zake kwa maandishi ili dereva aweze kumwonyesha mwajiri.

Wako kwa heshima,
Dereva wa lori la masafa marefu