Barua ya wazi kwa Katibu wa Nishati: zabuni ya vipima fazori iseme data itapita wapi

Mheshimiwa Katibu,

Ombi letu ni moja. Zabuni ya vifaa vya kupima fazori (ukubwa na pembe ya volteji na mkondo) kwenye laini ya Olkaria, Lessos na Kisumu isiishie kwa maneno “kifuate C37.118”, yaani kiwango cha IEEE cha kutuma vipimo hivyo. Maneno hayo yanamwachia muuzaji achague njia ya data, naye atachagua iliyo rahisi kwake. Pembe ya volteji kati ya Olkaria na Kisumu ikipanuka, laini inaelemewa. Ikionekana mapema, mzigo hupunguzwa kabla stima haijapotea hadi Busia. Ikichelewa, ni takwimu za kuandikia ripoti tu.

Upana wa njia si shida. Kifaa chenye volteji tatu, mikondo mitatu na neno moja la dijitali (hali za swichi), kikituma mara 50 kwa sekunde, hutoa fremu, yaani kifurushi kimoja cha vipimo, ya baiti 76. Pamoja na vichwa vya UDP, IP na Etheneti (maelezo ya kusafirishia data mtandaoni) ni kama kilobiti 49 kwa sekunde, mzigo ambao faiba ya kwenye nguzo haiuhisi. Akija mtu kukuuzia “intaneti ya kasi” kwa kazi hii, mwulize kuhusu paketi zinazochelewa na zinazopotea.

Hapo ndipo penye kazi. Kwenye TCP, njia inayotuma tena kilichopotea, paketi moja ikipotea, zote za nyuma yake husimamishwa hadi ile itumwe tena. Kikusanya data, kinachopokea vipimo vya vifaa vingi na kuvipanga kwa wakati, hakingoji: muda wake ukiisha, kinaacha pengo na kusonga mbele. Kwa hiyo vipimo vipite kwa UDP, isiyosubiri wala kurudia, amri na usanidi kwa TCP. Lakini UDP nayo ina mtego. Kikusanya data cha Lessos kikiunganisha vifaa 25 vya aina hiyo, fremu inafika baiti 1,516, ilhali paketi ya kawaida ya Etheneti huibebea UDP baiti 1,472 tu. Fremu inakatwa vipande viwili, na kimoja kikipotea yote imekwenda. Kikomo kiandikwe: vifaa 24.

Saa nayo. Kwenye gridi ya hezi 50, maikrosekunde 1 ni digrii 0.018, kosa la maikrosekunde 32 peke yake linamaliza asilimia 1 ya kosa la fazori inayoruhusiwa. Na saa hiyo ni ya UTC, saa ya pamoja ya dunia. Fundi akiiweka kwa saa ya Nairobi, kila fremu itakuwa sekunde 10,800 mbele, na kikusanya data kitaitupa huku taa za kifaa zikiwaka kijani. (Sisi ambao saa mbili yetu ni saa nane ya wengine tungekuwa wa kwanza kulitazamia hilo.)

C37.118 haina nenosiri wala usimbaji fiche. Amri namba 1 huzima utumaji, na kitambulisho kinachohitajika husafiri wazi ndani ya kila fremu. Aliyeingia mtandaoni anaweza kuinyamazisha Lessos yote. Data isiguse mtandao wa umma bila VPN (njia iliyofichwa kwa usimbaji), ambayo pia huongeza vichwa vyake, hivyo ile 24 itashuka. La sivyo, zabuni itaje kiwango kingine, IEC 61850-90-5, chenye sahihi na funguo zake.

Kabla ya malipo, mwakilishi wako aende Lessos achomoe waya wa antena ya GPS. Ukipita muda wa kushika saa bila GPS ambao muuzaji mwenyewe ameuandika, biti ya 13 ya neno STAT (sehemu ya fremu inayoeleza hali ya kifaa; biti hiyo huonyesha kama saa imepotea) igeuke kutoka 0 kuwa 1, na kikusanya data kionyeshe hivyo. Ikibaki 0, hati isitiwe sahihi.

Wako,
Mafundi na wahandisi wa mawasiliano ya gridi, Kisumu