Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Malé, Hulhumalé na Visiwa vya Hoteli

Ndugu wanachama,

Assalaamu alaikum, na hamjambo nyote.

Tuliokuwepo Maldivi kabla ya Agosti 2018 tunakumbuka mkutano wa chama ulivyokuwa. Anayekaa Hulhumalé, kisiwa kilicho ng'ambo ya mji mkuu Malé, alikuwa na jicho moja kwenye saa, akihofia kukosa feri. Ajenda ya fedha, ambayo siku zote huwa ya mwisho, ilijadiliwa na watu waliokwisha vaa viatu. Tarehe 30 Agosti mwaka huo likafunguliwa daraja la Sinamalé kutoka Malé hadi Hulhulé, penye uwanja wa ndege, na kutoka hapo barabara inakwenda moja kwa moja Hulhumalé. Safari hii pilau ya Idi ilipikwa Malé, ikavuka bahari kwa teksi, katibu kaipakata sufuria, ikafika bado inafuka moshi. Kilichoharibika ni suruali ya katibu tu.

Bahari nayo haijasalimu amri. Kusi lilipochachamaa (wenyeji huuita msimu huo hulhangu) pikipiki zilizuiwa kupita darajani, na sisi wengi ni watu wa pikipiki. Mkutano wa Juni ukasogezwa wiki moja.

Sasa ajenda ya fedha tunayo nafasi nayo, na hapo ndipo nina neno.

Mwaka huu mfuko wa dharura ulitoa fedha mara mbili. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake Tanga, tukamkatia tiketi. Mwingine mkataba wake wa kazi ulikatizwa, tukamlipia kodi ya chumba ya miezi miwili. Mwezi wa tano mhazini alipomkumbusha huyu wa pili marejesho, alijibu kwa upole kabisa: "Mzee, si mlisema ni msaada?" Nikafungua daftari la kumbukumbu. Kweli, wote wawili tumewaandikia "msaada", kwa mwandiko wa kamati yetu wenyewe. Hakutudanganya.

Neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa daraja. Kila mgeni tunamwambia ni msaada wa China. Gharama yake ilikuwa takriban dola milioni 200: kama milioni 116 ni ruzuku ya China, milioni 72 ni mkopo, na iliyobaki ikatolewa na serikali ya hapa. Ruzuku unashukuru, basi. Mkopo una tarehe yake, na tarehe haiangalii kama umeshukuru. Daraja la pili, Thilamalé, linalojengwa kwa fedha za India kuiunganisha Malé na visiwa vya Villimalé, Gulhifalhu na Thilafushi, ni hivyo hivyo: dola milioni 100 ruzuku, milioni 400 mkopo. Wenye mamilioni wanaandika kila fungu kwa jina lake. Sisi wa rufiyaa (fedha ya hapa) elfu mbili tatu tumeyachanganya yote kwenye mstari mmoja.

Kamati inapendekeza katiba irekebishwe, pawe na fomu mbili. Msiba na matibabu ni ruzuku, hakuna kudaiana. Kodi, karo na nauli ya likizo ni mkopo wenye wadhamini wawili. Kuhusu mwenzetu aliyelipiwa kodi, kamati inaomba mkutano ulifute deni lake, maana kosa la maandishi ni letu. Najua wapo watakaonuna. Waje waseme mkutanoni, wasiseme kwenye kundi la simu saa sita za usiku.

Wanachama wa visiwa vya hoteli, kwenu ninyi daraja halijabadilisha kitu. Bado ni boti, na nauli ya boti, kwa siku moja ya mapumziko ambayo wengine mnaitumia kulala. Mwaka mzima tumewaletea maamuzi yakiwa yameshapita, na hilo halikuwa sawa. Kuanzia mkutano huu rasimu zitatumwa wiki mbili kabla, na kura ya ujumbe wa sauti itahesabiwa kama ya aliyeketi ukumbini.

Mkutano mkuu ni Ijumaa ya pili ya mwezi ujao, Hulhumalé, baada ya swala ya Ijumaa. Ada zitapokelewa mlangoni. Mwenye gari atakayetokea Malé siku hiyo amjulishe katibu mapema. Amekataa kupakata sufuria tena.

Mwenyekiti