Malalamiko kuhusu samaki aliyechukuliwa na mwewe, boti iliyoondoka na kamba yake, na fakitire (hati ya malipo) tuliyopewa baadaye

Bukavu, tarehe 22 Julai 2023

Kwa Bwana Mkurugenzi,

Kwa heshima zote ninakuandikia kuhusu mandari ambayo familia yangu ilinunua kwenu Jumapili ya tarehe 16 Julai, kwa ajili ya kumpongeza binti yangu aliyehitimu chuo kikuu. Tulikubaliana tule chakula cha mchana kwenye baraza lenu linaloelea, kisha boti ituzungushe kando ya rasi ya La Botte hadi karibu na mahali ambapo mto Ruzizi unatoka ziwani. Katika karatasi yenu ya matangazo mliandika kwamba Kivu ni ziwa lisilo na mamba wala viboko, na sina budi kukiri kwamba hatukuonana na mamba wala kiboko. Aliyetuvamia alitokea juu.

Mama mkwe wangu, ambaye ndiye mkubwa wa familia na ndiye tuliyempa heshima ya kugawa chakula, alikuwa ameshika tilapia wa kuchoma na kumtenganisha pande mbili, upande mnono akauweka ukingoni mwa sahani kwa ajili ya mhitimu. Mwewe alishuka kutoka nyuma ya bega lake, hakutua hata kidogo, akafumba kucha kwenye upande ule mnono, na bawa lake likaangusha bakuli la pilipili juu ya kitenge kilichokuwa kimeshonwa kwa siku hiyo hiyo. Kisha akaenda kula akiwa ametulia juu ya bango lenu la kukaribisha wageni, huku wajukuu wakimpigia makofi na bibi yao akiwatazama kwa jicho ambalo wakwe wote wa Bukavu wanalifahamu.

Bwana Mkurugenzi, simshtaki mwewe, kwa sababu kunyakua chakula bila kutua ndiyo kazi yake, na anaifanya kwa ustadi ambao sikuuona kwa mtumishi yeyote wa kampuni yenu. Ninalolalamikia ni jibu la mhudumu wenu, aliyetuambia huku akicheka: «Huyo tunamjua, anakuja kila Jumapili.» Ikiwa mnamjua, kwa nini wateja hawaonywi? Tena sababu ya kuja kwake haihitaji mtaalamu. Jiko lenu la mkaa liko nje, hatua chache kutoka kwenye meza, na mpishi wenu hupasua samaki hapo hapo na kutupa matumbo yao kwenye mawe ya ufuoni. Nilimwona kwa macho yangu akifanya hivyo tena dakika chache baada ya tukio, mwewe wawili wengine wakiwa wanazunguka juu yake. Ndege anayelishwa bure upande mmoja wa baraza hawezi kujua kwamba upande wa pili chakula kina mwenyewe.

Tungeweza kuyasahau hayo yote kama safari ya boti ingekwenda vizuri. Kabla ya kupanda tuliomba jaketi za kuokolea maisha, tukajibiwa kwamba zimo ndani ya sanduku lililofungwa, chini ya kreti za vinywaji, na kwamba mwenye ufunguo bado hajarudi kutoka kwenye misa. Dereva wa boti akatuhakikishia kwamba tungezichukua kwenye gati la jirani. Hapa sitanii. Baada ya ajali ya boti ya Aprili 2019 pande za Kalehe, iliyoua watu wengi, Rais wa Jamhuri mwenyewe alitangaza kwamba kuvaa jaketi ziwani ni lazima, na ziwa hili kina chake hupita mita 470 huko kaskazini.

Gati la jirani hatukulifikia. Dereva aliwasha mota na kuongeza mwendo wakati kamba ya nyuma ilikuwa bado imefungwa kwenye nguzo ya baraza. Kwa muda mfupi baraza zima lilitufuata: meza zikainama, sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa hili, iliyokuwa haijaguswa ikateleza na kurudisha sambaza wale ziwani, wakiwa wamekaangwa tayari, na shemeji yangu aliyebaki kulinda keki akaingia majini hadi kiunoni akiwa ameinua keki juu ya kichwa. Keki ilipona. Halafu nguzo ikang'oka, na ile kamba, ambayo sasa ilikuwa inaburuta kipande cha mti, ikajizungusha kwenye pangaboi mpaka mota ikazimika.

Upepo wa alasiri ukatusukuma polepole, ubavu mbele, hadi kwenye mitumbwi ya wavuvi wa sambaza iliyokuwa imeunganishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, ikisubiri usiku. Boti yenu ilijichomeka kati ya miti hiyo na kukwama. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu waliacha kazi yao, wakatupa pole, wakatuuliza kama kuna aliyeumia, na baada ya kuhakikisha kwamba hakuna ndipo walipocheka kwa haki kabisa. Wakatuhamishia kwenye mitumbwi yao na kuturudisha kwa makasia, wakiimba zile nyimbo zao za kupigia kasia, na mama mkwe akaitikia. Hiyo ndiyo saa pekee nzuri ya siku ile, na haikutolewa na kampuni yenu. Wavuvi tuliwashukuru kwa pesa zetu wenyewe.

Tuliporudi tukapewa fakitire. Samaki wa mwewe ameandikwa humo kuwa ameliwa, jambo ambalo ni kweli, ila si na sisi. Safari ya La Botte imeandikwa kuwa imefanyika. Na chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, pameongezwa dola 40 za «nguzo iliyovunjwa na wateja». Nilipompigia simu msimamizi wenu, alinijibu kwamba wanyama wa porini na upepo havimo katika mamlaka ya kampuni. Ninakubali. Lakini matumbo ya samaki, kamba, ufunguo wa sanduku na kalamu iliyoandika dola 40 vimo katika mamlaka yenu, kila kimoja.

Kwa hiyo ninaomba mturudishie gharama yote ya safari ya boti na ya samaki, mfute deni la nguzo, na mwalipe wavuvi kwa miti yao miwili iliyopasuka, kwani wao hawatawaandikia barua. Jaketi ziwekwe ndani ya boti bila kufuli. Ama kwa mama mkwe, pesa hazitatosha: ninaomba mtume mtu mzima mwenye adabu aje nyumbani kumwomba msamaha kwa mdomo, na asije mikono mitupu. Yeye amesema tilapia atakubali, mradi awe mzima, pande zote mbili.

Nakala ya fakitire nimeiambatisha. Ninangoja jibu lenu la maandishi kabla ya tarehe 5 Agosti.

Wako kwa heshima,

Baba wa mhitimu