Mrengo wa kushoto si lazima uwe upinzani

Mhariri,

Waandishi wetu wengi huita chama chochote cha upinzani "mrengo wa kushoto". Hilo ni kosa, na linampotosha msomaji.

Maneno haya, kushoto na kulia, yalizaliwa Versailles, Ufaransa, mwaka 1789. Wabunge walikuwa wakijadili kama mfalme awe na kura ya turufu ya kuzima sheria moja kwa moja. Waliomtetea mfalme walikaa mkono wa kulia wa mwenyekiti, waliotaka kumpunguzia madaraka wakakaa kushoto kwake. Ni mkono wa mwenyekiti, si wa mtazamaji anayemkabili. Ukichora mchoro ukasahau hilo, pande zote mbili zinageuka.

Katika Bunge la Kenya, kama kule Uingereza, chama chenye wabunge wengi hukaa kulia kwa Spika na wachache kushoto. Huo ni mpangilio wa viti tu. Uchaguzi ukibadili wingi, watu wanahama viti, itikadi inabaki palepale.

Basi mwandishi asome ilani kabla ya kubandika jina. Kodi ya matajiri ipande au ishuke? Hospitali ziendeshwe na serikali au soko? Mila na dini viongoze sheria kwa kiasi gani? Kwa kawaida kushoto hutaka kodi hiyo ipande na serikali iendeshe hospitali; kulia huegemea soko, mila na dini. Chama kinaweza kuwa kushoto kwenye uchumi na kulia kwenye mila, na wapo wengi wa namna hiyo. Hapo andikeni sera yenyewe, mrengo uacheni.

Msomaji wenu,
Nairobi